Chokaa ya Kaburi la Mfalme

Siku ya tatu baada ya chumba kupakwa chokaa, Ramiz aliona alama ukutani karibu na kitanda: mstari wa unyevu, mpana kama ulimi.

Akacheka. Mkewe Munire alikuwa na mimba ya miezi sita.

"Wenzako hutamani ndimu," akamtania. "Wewe unakula nyumba!"

"Tamu," Munire akasema. "Jiwe lake ulilitoa wapi?"

Ramiz akajikuna kisogo. Hakuna mchoma chokaa mjini Bodrum asiyejua marumaru ya bure inapatikana wapi: kwenye kaburi la yule mfalme wa kale, lililowahi kusimama juu kama mlima wa ngazi na nguzo, hadi matetemeko yakaliangusha na wajenzi wa ngome wakagawana mifupa yake. Babu yake Ramiz alichoma ngazi. Baba yake alichoma simba wa marumaru. Yeye, kwa ajili ya mtoto, alichagua kipande cheupe kuliko vyote, uso wa sanamu ya mwanamume. Ulimtazama vibaya, akaugeuza ukautazame moto.

"Mlimani," akadanganya.

Kufikia Ijumaa alama zilikuwa zimefika darini, mahali asipofika mtu bila ngazi. Chumba kikanuka divai, katika nyumba ambayo hata siki ilitazamwa kwa shaka. Na mchana ule, jua likiwa utosini, Ramiz akiwa uani anaosha uso, alisikia ndani ulambaji wa polepole, kama wa ng'ombe kwenye jiwe la chumvi, ukipanda ukutani, ukivuka dari, ukishuka upande wa pili, na chini yake sauti ya mkewe ikibembeleza kwa lugha asiyoijua, ikimwita mtu ambaye hakuwa yeye.

Akamkimbilia Mwalimu Sabri, anayewasomea watu wenye mashetani.

Mzee alipofika hakuvuka kizingiti. "Jiwe gani hili?"

"La kawaida, Mwalimu."

"La kawaida halinuki hivi. Sema, mkeo anakwisha!"

Ramiz akasema yote.

"Mjinga wee," mzee akanong'ona. "Malkia wa mfalme yule alichoma maiti ya mumewe, akakoroga majivu kwenye divai, akanywa, ili awe kaburi lake. Wazee walisema hakushiba. Nawe umemwandalia kilichobaki cha mumewe!"

"Mtoto wangu je?"

"Kwangua yote. Kairudishe kwenye shimo la kaburi kwa mikono yako. Mimi nitasoma."

Ramiz alikwangua mpaka kucha zikatoka damu, akajaza magunia, akayabeba mgongoni mara saba huku vumbi likimchoma macho na jasho likiligandisha usoni, na kila aliporudi kuchukua jingine alisikia kisomo kikipanda na kilio cha Munire kikishuka, hadi alipochukua gunia la mwisho kukawa kimya.

Akalimwaga, akarudi mbio. Munire alikuwa ameketi, macho maangavu, mkono tumboni.

"Anacheza," akasema.

Mwalimu Sabri alikuwa analia kwa shukrani. Ramiz akapiga magoti mbele ya mkewe, akiwa mweupe kwa chokaa kuanzia nywele hadi nyayo.

Munire akamwinamia. Akampapasa shavu, akakilamba kidole. Uso wake ukachanua kama wa bibi harusi.

"Ni yeye, mfalme wangu," akamwambia mzee taratibu. "Mchomeni sasa. Nina kiu."