Hapa Pana Mtu

Wewe unaamini majini, au na wewe ni msomi?

Nkatha alikuwa msomi. Kila mwaka alihudhuria kongamano la Ukatoliki na maisha ya Marekani, ambalo kwa sababu asizozijua mtu lilifanyika Sydney, kwenye ukumbi wa parokia huko Guildford, na kila mwaka alipiga makofi wenzake walipopiga. Tangu mama yake azikwe Meru, naye akilitazama jeneza kwenye simu, hakuna kilichomgusa. Alikuwa kama mdomo uliotiwa ganzi na daktari wa meno: upo, lakini si wako.

Mwaka huu alimburuta rafiki yake Rispah, nesi wa wazee kule Smithfield.

"Prof, hii maneno ya Amerika inanihusu nini?"

"Kuna chakula."

"Si ungeanza na hiyo!"

Rispah alikuwa wa Kisumu. Kiswahili chake kilizikimbiza ngeli bila kuzikamata. Walikaa safu ya nyuma, Rispah kulia kwa Nkatha, kushoto kiti kitupu. Mbele, Padri Arnaud alikuwa akieleza kwamba pepo wanaopungwa kwenye majimbo ya Marekani ni sitiari tu.

"Hodi," ikasema sauti mlangoni.

Sydney watu hutuma ujumbe kwanza. Miaka mingi Nkatha hakuwa amebishiwa hodi, na mdomo ukajibu wenyewe: "Karibu." Ndipo akageuka. Mlango ulikuwa umefungwa.

Harufu ya udi ikaingia, na chini yake harufu nyingine, ya nguo iliyokaa majini, ikaja polepole hadi kwenye kile kiti kitupu, na mto wa kiti ukaanza kubonyea bila mtu, na Nkatha, ambaye hata wakati huo hakuona hofu ila uchovu wa kutotaka jirani, akaweka mkoba wake pale na kunong'ona, "Hapa pana mtu." Mto ukainuka. Udi ukapita nyuma ya shingo yake, baridi, ukaelekea kulia. Rispah akaguna kama aliyetwishwa gunia.

Wakati wa chai ya alasiri Rispah hakuinuka. Midomo yake ilikuwa imegeuka rangi ya majivu, na Kiswahili kilichomtoka kilikuwa cha Mvita ya kale, hakina kosa hata moja.

"Nalibisha hodi, nikakaribishwa. Mgeni hufukuzwa?"

Padri Arnaud, bingwa wa sitiari, alikuwa akitafuta simu yake aite ambulensi. Aliyesogea ni Bi Mwanasha wa Mombasa, aliyekuwa akigawa chai.

"Jini hili," alisema kwa sauti ya chini. "Jua likitua nalo limo, basi limehamia, na mwenzenu hamtampata tena. Nani alilikaribisha? Na aseme alichofanya, kwa kinywa chake, mbele ya huyu mwenzenu, ndipo litatoka."

Watu wakatazamana. Mmoja alisema hajui hata hilo neno karibu maana yake nini. Nkatha alitazama biskuti. Akangoja aibu ije, au woga, au chochote, hakikuja kitu.

"Mwanangu," Bi Mwanasha akamwambia, "wewe si ulikaa naye?"

"Nilikaa naye."

Nje jua lilikuwa limeshuka hadi kwenye mapaa, na mwanga ulikuwa ukitoka ukumbini safu baada ya safu, na kifua cha Rispah kikipanda kwa shida na kushuka kama kinachokanyagwa, hadi katikati ya ile sauti fasaha ikapenya nyingine, ndogo, yenye ngeli zilizovunjika.

"Prof... uko? Hii kitu imenikalia. Kizito. Ambia yeye atoke."

Nkatha akapiga magoti mbele yake. Udi ulimjaa puani.

"Ni mimi niliyesema karibu," alisema, kwa sauti waliyoisikia wote. "Alitaka kukaa kwangu. Nikaweka mkoba kitini, nikasema pana mtu. Nikamsikia akienda kwako, Rispah, na nikanyamaza."