Puto Lililogoma Kupaa

Mlango wa ghala uling'oka kwa teke moja.

Sindano aliingia, bastola ya Glock mbele. Mfanyabiashara wa gesi, pande la mtu lenye sauti nzito, hakuinuka hata kitini. Nyuma yake ilisimama mitungi ya kahawia, yote imeandikwa heliamu.

"Umekosea njia, mama."

Redio ya Motorola ilikoroma sikioni mwa Sindano. Alikuwa bosi wake, akiwa melini.

"Wapiga mbizi wanavaa. Ukikosa ushahidi kwamba gesi ni feki, wanashuka."

Mmoja wao alikuwa mdogo wake, kitinda mimba wa mama yao, anayekwenda kutegua bomu la majasusi wa kigeni mita tisini chini ya maji. Kwenye kina kile, bila heliamu, naitrojeni humlewesha mtu chakari. Angelishika bomu akiwa hajitambui. Mitungi ya melini ilitoka kwenye safu hiihii, na kipimo chao kilipima oksijeni tu.

Jamaa alidai kwamba heliamu imeadimika dunia nzima, bei haishikiki, na serikali ilipaswa kumshukuru kwa kuipata. Sindano alimchukia waziwazi.

Kaunta ilikuwa na boksi la maputo ya sherehe, pamoja na mtungi mdogo wa kuyajazia. Akajaza puto moja kwa mtungi huo, akalifunga uzi. Likapaa hadi darini.

Akajaza la pili kwa mtungi wa kahawia.

Likaanguka sakafuni.

Jasho lilimtoka jamaa. Wapiga mbizi aliwauzia naitrojeni bila kupepesa macho, ila watoto hakuthubutu kuwadanganya. Puto lisilopaa hurudishwa dukani siku hiyohiyo, na mzazi juu yake.

"Bosi, wazuie. Ni feki." Sindano akamwekea jamaa bastola kwenye paji la uso. "Halisi iko wapi?"

"Chumba cha nyuma. Wageni walinilipa niifiche."

Helikopta ikaibeba hadi melini. Polisi wakambeba jamaa. Sindano alibaki kwenye kaunta, redio sikioni.

Hatimaye ikaja sauti nyembamba kama ya kifaranga, sauti ya mtu anayevuta heliamu ya kweli.

"Dada, nimelitegua."

"Panda polepole, mdogo wangu."

Akaifutika bastola kiunoni, akavuta uzi wa puto lililokuwa darini, akatoka nalo barabarani.