Kitambaa cha Bibi Nunziata

Haya yalimpata Immacolata, rafiki yangu anayetembeza watalii hapa Naples. Bibi yake, Nunziata, alikuwa akitunza fuvu la mtu asiyejulikana katika pango moja la mjini humu lililojaa mifupa ya wafu wa kale, kama wafanyavyo wazee wetu. Kila Jumatatu alilipangusa kwa maji ya maua ya mchungwa na kuliombea. Kabla ya kufa alimwachia Immacolata kazi hiyo. Immacolata aliapa, halafu hakwenda hata mara moja.

Asubuhi moja akawaingiza watalii mle. Catello, mlinzi, akamtania: "Ee binti, leo umeikumbuka njia? Mwenzako amevaa vumbi!" Akalionyesha fuvu la Nunziata kwa kidole, lile alilokuwa akilitunza.

"Niache bwana, mzee Catello, niko kazini." Akalipita fuvu bila kulitazama, kwa aibu.

Papo hapo taa zikazimika. Gizani akasikia kitambaa kikisugua mfupa, fwii, fwii, taratibu, kikizidi kumsogelea.

"Bibi, nisamehe," akanong'ona.

Kitambaa hakikukoma mpaka taa ziliporudi. Fuvu lilikuwa na vumbi lile lile. Paji la uso wake Immacolata ndilo lililokuwa limelowa, likinukia maua ya mchungwa.