Kiti cha Abiria

Harufu ya petroli ilianza siku Fundi Meno alipobandika viti kwenye kigari cha mfano. Aliinusa asubuhi alipofungua chumba chake cha kazi, akakagua chupa za rangi, akakagua taa ya spiriti, akakuta vyote vimefungwa. Kigari chenyewe kilikuwa cha urefu wa kiganja, bodi yake ya plastiki, na plastiki hainywi petroli. Akafungua dirisha, akaendelea na kazi.

Jina la Fundi Meno alipewa na majirani kwa sababu alitengeneza meno ya bandia, na nusu ya tabasamu za mtaa ule zilitoka mikononi mwake. Kigari hiki alimtengenezea mkewe. Baba mkwe alikuwa amefariki, na gari lake la zamani la mbio, jekundu, la viti viwili, lisilo na paa, ndugu waliliuza kama chuma chakavu kabla machozi hayajakauka. Mke aliambulia kipande cha ngozi ya kiti cha abiria. Akamwomba mumewe amtengenezee mfano wake, apate cha kumkumbukia baba. Na mume, ambaye kwa mke huyo angechonga hata mlima, alichonga bodi kwa nta, akamimina plastiki, akapiga msasa, taa za nyuma akazichonga kwa plastiki nyekundu ya ufizi wa bandia, na viti vyote viwili akavivisha ile ngozi. Alijisifu kwamba vimekamilika kiasi cha mtu kukalia. Mdomo uliponza kichwa, wahenga walisema, na mikono hawakuitaja tu.

Kisha akaweka usukani, alioukunja kwa waya wa kunyooshea meno. Mchana huo mkewe, aliyekuwa amejilaza sebuleni, alinyanyua mikono usingizini, ikazunguka kushoto, ikarudi kulia. Alipoamka, Fundi akamtania kwamba alikuwa dereva. Mke naye akacheka, maana hakuwahi kushika usukani maishani. Baba yake hakumruhusu hata kuingia ndani ya gari lile.

Siku ya pedali, miguu nayo ikaanza. Siku ya gia, mkono mmoja ukashuka ubavuni, ukawa unasukuma na kuvuta kila mguu ulipokanyaga klachi, kwa mpangilio usiokosea. Fundi hakutania tena. Alipomwinamia kumwamsha, pumzi ya mkewe ilinuka petroli.

Akamwendea shangazi wa mke, bibi aliyeheshimiwa na ukoo mzima kwa kujua mambo ya majini. Shangazi alimsikiliza hadi mwisho, kisha akasogeza kiti chake karibu, ingawa hapakuwa na mtu mwingine nyumbani.

"Kaka yangu hakuendesha peke yake hata siku moja," alinong'ona. "Alikuwa na mwenzake pale kando. Gari limekatwa, mwenzake akakosa pa kukaa. Wewe umempa kiti, mkwe wangu. Sasa anatafuta dereva."

"Nikivunje hicho kigari?"

"Ukikivunja, yeye atakwenda wapi? Hawa huombwa, hawafukuzwi. Kifunike kwa kitambaa cheupe, usiongeze hata tone la rangi. Kesho nakuja kuzungumza naye."

Fundi alirudi na nia ya kutii. Lakini alipofungua mlango nyumba nzima ilinuka petroli na mpira ulioungua, na kutoka sebuleni ukaja mngurumo, mngurumo wa koo la mtu, unaopanda na kushuka kwa kila gia, na mkewe alikuwa chali kwenye kochi, macho wazi yasiyomwona, nywele zikipeperukia nyuma ilhali madirisha yamefungwa, miguu ikikanyaga, mkono ukisukuma, uso ukimgeukia mtu wa kando, ukimwambia neno, ukingoja jibu, ukicheka naye, na kila Fundi alipomwita mngurumo ulizidi, hata akahisi waziwazi kwamba mkewe anakwenda, yuko palepale na anakwenda, na akichelewa kidogo tu hatamfikia tena.

Akakimbilia chumba cha kazi, akashika nyundo, akakiponda kigari mpaka kikawa vumbi jekundu.

Mngurumo ulikatika, na harufu nayo. Mkewe akauliza kutoka sebuleni mbona ana njaa hivi. Fundi alimkumbatia akalia, hakuona haya. Wakala, mke akamtania kwa machozi yale, kisha akaenda kuoga. Fundi akampigia shangazi simu kumwambia kwamba mambo yamekwisha, amekivunja. Shangazi akauliza jambo moja tu, mkewe yuko wapi sasa.

Nje gari lao likawaka. Lilikuwa gari bovu la familia, ambalo Fundi mwenyewe hulibembeleza kila asubuhi kabla halijakubali, na sasa liliitika mara moja. Akatoka mbio. Mkewe alikuwa nyuma ya usukani, nywele bado zinachuruzika maji, mkono umetulia kwenye gia. Fundi akazunguka, akashika mlango wa mbele wa upande wa pili.

"Kaa nyuma, mume wangu," mke akasema kwa upole. "Mbele kuna mtu."

Fundi aliitazama barabara, akamtazama mkewe. Hakuweza kumwacha aende na yule peke yake. Akafungua mlango wa nyuma, akaingia.