Mgeni Aliyeingia kwa Waya

Spika zilipiga hodi kabla hazijaunganishwa na kitu chochote cha kusema.

Fundi redio, ambaye mtaa mzima ulimwita Domo kwa sababu hata chuma cha kulehemu kilipoa kikimsubiri amalize porojo, alikuwa ameinama ndani ya gari kuukuu la shemeji yake. Redio ilikuwa ya kaseti, na shemeji alitaka itoe muziki wa simu. Kwa Domo huo ulikuwa mchezo: unafungua redio, unalehemu nyaya tatu za kuunganisha simu, wa kushoto, wa kulia na wa ethi, yaani wa ardhi, kisha unatia kaseti tupu izunguke, redio idhani inaimba kumbe inaimbiwa. Kaseti ilikuwa inazunguka, ncha za waya zinaning'inia uchi, simu bado iko mfukoni. Ndipo sauti ya upole ikasema, "Hodi."

Mtu aliyelelewa vizuri hamhoji mpiga hodi, ulimi hutangulia. "Karibu," akasema Domo, bisibisi mdomoni. "Pita ndani, hapa ni kwako."

Akageuka amwone mgeni. Uwanja mtupu. Ila harufu ya nywele zinazoungua ilimpita puani, na kiti cha abiria kikabonyea taratibu.

Mkewe alipotoka jikoni kumwita, midomo yake ilicheza bila kutoa kitu. Maneno yakatokea kwenye spika: "Mume wangu, chakula kinapoa." Domo alicheka, maana yeye hucheka kwanza, kisha akamwona mkewe amejishika koo, macho yamemtoka.

Akakata waya. Akang'oa redio, akatoa betri akaiweka chini ya mti wa uani. Wapi! Sauti ilibaki humo humo garini, na siku zilivyosogea mwanamke akazidi kupungua, mpaka kikohozi chake, kishindo cha nyayo zake, hata pumzi zake za usingizini zikawa hazisikiki popote isipokuwa ndani ya gari, na Domo akawa anakaa humo mchana kutwa, sikio kwenye spika, akisikiliza pumzi za mke aliyelala chumbani, zikipungua, zikichelewa, asithubutu hata kwenda kunywa maji asije akarudi akakuta kimya.

Bibi mganga alipoletwa, alinusa kile kiti tu, akaufunga tena mkoba wake wa dawa. Aliuliza nani alimpokea huyu. Domo, kwa mara ya kwanza tangu azaliwe, akajibu kwa neno moja: "Mimi."

"Aliyekaribishwa hafukuzwi, mwanangu," bibi akanong'ona. "Anaombwa. Na ufanye haraka, pumzi zinamwishia mwenzio."

Domo akakigeukia kiti kitupu. "Mgeni wetu," akaanza, akijaribu mzaha, "wahenga walisema siku ya tatu tukupe jembe, nasi jembe hatuna. Nyumba ni ndogo. Nakuomba, nirudishie mke wangu, chukua chochote kingine."

Spika zikakoroma kidogo. Kisha sauti ya mkewe, tulivu kama ya mtu aliyeshiba, ikasema, "Nimekula vizuri. Naondoka. Lakini kwenu mgeni hutoka peke yake, bila wa kumsindikiza?"

Bibi alitikisa kichwa kwa nguvu, kidole mdomoni. Domo alimwona. Ila alisikia pia pumzi moja ikitoka kwenye spika, ndefu, halafu akangoja inayofuata, akangoja, akangoja, na haikuja.

"Nitakusindikiza," akasema, akaketi kwenye kiti cha dereva.

Gari lisilo na betri likaunguruma. Usukani ulikuwa wa moto mikononi mwake.

"Mpaka wapi?" akauliza.

Sauti iliyojibu haikuwa ya mkewe tena. "Mpaka kwetu."

Dirisha la chumbani likafunguka kwa kishindo, na mkewe akamwita, kwa sauti ya kukwaruza iliyotoka kooni mwake mwenyewe, akimwambia ashuke, akimsihi, hata akimtukana. Domo aliisikiliza mpaka ilipopata nguvu kamili. Kisha akauvuta mlango wa gari, akaufunga.