Ukurasa Ulionunuliwa kwa Mbuzi

— Venuste, hii mbuzi ya papa inafanya nini kwako?

Gisèle alikuwa amesimama mlangoni, begi bado begani. Alikuwa ametoka Mbarara anakoshona nguo, na kama kila Jumamosi alipitia kwanza Kashojwa, ndani ya kambi ya wakimbizi ya Nakivale, kumwona mchumba wake kabla ya kwenda kwa baba yake, Base Camp. Mbuzi mwenyewe, jike mweupe mwenye sikio lililokatwa ncha, alikuwa amefungwa kwenye nguzo ya jiko, anatafuna maganda ya ndizi bila wasiwasi wowote.

Venuste aliweka kalamu ya wino chini.

— Amenunua planshi.

— Nani? Papa?

— Papa.

Sasa hebu tuelewane hapa. Mahari ya Gisèle ilikuwa imeshaanza kuzungumzwa, na kwa Wakongomani na Warundi vilevile, mifugo hutoka kwa kijana kwenda kwa wakwe. Mbuzi huyu alikuwa ametembea kinyume. Tena ametoka kwa mzee Léopold, baba wa Gisèle, muuza maharage wa soko la Rwekubo na shemasi wa kanisa, ambaye siku zote aliita katuni michezo ya watoto.

Planshi ndiyo karatasi yenyewe ya katuni, iliyochorwa kwa mkono, yenye wino halisi na alama za penseli zilizokataa kufutika. Kitabu cha Venuste, kuhusu watu waliokimbia Kivu na Burundi, kilikuwa kinachapwa Mbarara kwa fedha za watu waliochanga mtandaoni kabla hata hawajakiona. Kila mchangaji aliahidiwa nakala, na waliotoa zaidi waliahidiwa planshi. Wiki hiyo alikuwa amezitundika kwenye ukumbi wa Base Camp ili majirani nao wazione.

— Alinunua planshi gani?

— Ile ya bariyeri.

— Bariyeri gani?

Venuste akaanza kukuna kichwa. Kijana huyu anaweza kuchora umati mzima bila kuinua kalamu, lakini uso wake mwenyewe hajui kuuficha.

— Ya mwanaume aliyepita kizuizini amevaa kikwembe, kile kitenge cha mke wake.

Gisèle akakaa kwenye kigoda. Hadithi hiyo aliambiwa na mama yake alipokuwa anakaribia kufa, na yeye alimwambia mtu mmoja tu duniani, siku walipokubaliana kuoana.

— Ulichora kile kitu nilikuambia.

— Sikuandika jina lake.

— Kikwembe uliichora na maua gani?

— Si maua. Ndege. Ndege wa manjano, kama ulivyosema.

— Basi uliandika jina.

Venuste akaokota kalamu, akaifunga kifuniko.

— Papa alisema nini?

— Alisimama mbele yake muda mrefu. Kesho yake akaja na mbuzi. Akasema, nipe ile, na Gisèle asijue.

— Kwa hiyo haitakuwa tena mu kitabu?

Venuste akamsogezea mbuzi maganda.

— Venu, nakuuliza.

— Nilikuwa nimeshaipiga skani, Gisèle. Zote zinapigwa skani kwanza. Anayenunua anapata karatasi, picha inabaki kitabuni. Wakusanyaji wote wa michoro wanajua hivyo.

— Papa ni mukusanyaji?

— Hakuniuliza.

— Na weye ulijua anafikiri nini.

Hapo mwanaume mwenye akili angeomba msamaha. Venuste akasema:

— Huyu mbuzi nilitaka kumrudisha kwenye mahari.

— Unataka kunioa kwa mbuzi ya papa yangu!

Siku nyingine wangecheka mpaka machozi. Siku hiyo Gisèle alisimama, akachukua begi lake.

— Bitabu binatoka lini?

— Ijumaa. Jumamosi watu wanakuja kuvichukua.

— Na kesho yake papa anasimama kanisani mbele ya bale bale batu. Umwambie weye mwenyewe mbele ya kugawa, si nyuma. Ukiniacha nimwambie miye, usitume mutu kwetu kuongea ya ndoa.

Akaondoka bila hata kunywa maji.

Jumatatu simu ya Venuste ililia: "Umemwambia?"

Akajibu: "Bado. Natafuta nafasi nzuri."

Jumatano: "Umemwambia?"

Alisoma, hakujibu. Alhamisi Gisèle hakuandika kitu, na hiyo ndiyo iliyomtisha zaidi.

Siku hiyohiyo Nkusi wa Biharwe alimpigia Venuste simu. Nkusi anauza saruji na mabati, lakini ukuta wa sebule yake umejaa planshi za wachoraji wa kila pembe, kila moja na fremu yake. Hakuna aliyechanga kumzidi.

— Venuste! Nasikia ile peji ya bariyeri umeuza. Kwa nani, ssebo? Mimi nilikuwa nataka hiyo.

— Kwa mzee mmoja wa huku. Nkusi, nikiiondoa kitabuni itakuwaje?

— Kuondoa? Mimi nilichanga sababu ya hiyo peji!

— Mzee hataki ionekane.

— Huyo mzee anasoma katuni?

— Hasomi.

— Sasa shida iko wapi? Wewe nyamaza, peana vitabu. Mzee iko na karatasi yake kwa sanduku, roho yake iko sawa. Nani atamwambia?

Kusema kweli Venuste aliyapenda maneno hayo, na ilibaki kidogo ayafuate. Kilichomzuia wala si uchamungu. Aliogopa kumkosa Gisèle, basi.

Ijumaa maboksi ya vitabu yalipofika Nakivale, hayakwenda ukumbini. Yalishushwa mbele ya nyumba ya mzee Léopold, na Venuste akaja nyuma akivuta mbuzi kwa kamba. Gisèle, aliyekuwa ameomba ruhusa kazini, alimwona kupitia mlango wa jikoni. Hakutoka.

— Karibu, kijana, — alisema mzee. — Sasa mbuzi inarudia nini?

— Papa, nilikudanganya. Ile planshi uliyonunua imo humu. Imo katika kila kitabu.

Mzee akatabasamu, kama mtu anayemsikiliza mtoto. Akaingia chumbani, akarudi na planshi imefungwa kwenye nailoni.

— Hii hapa. Iko kwangu. Itakuwa mu kitabu namna gani?

— Niliipiga skani kwa mashine kabla hujainunua. Nilijua unataka kuificha. Nikanyamaza.

— Kwa hiyo miye nilinunua nini?

— Karatasi, papa.

Léopold alifungua boksi mwenyewe, akatoa kitabu, akafunua taratibu mpaka akaufikia ukurasa wenyewe. Kikwembe ni kilekile, ndege ni walewale.

— Nani alikuambia hii mambo?

Venuste alinyamaza. Safari hii alinyamaza kwa sababu nzuri.

— Ni miye, papa. — Gisèle alikuwa ametoka jikoni. — Mama aliniambia mbele ya kufa. Miye nikamwambia yeye. Sikumwambia achore.

— Mama yako alikuambia nini?

— Kwamba pale bariyeri balikuwa banakamata banaume. Ukavaa kikwembe yake, ukapita.

— Na yeye alivaa nini?

Miaka yote hiyo Gisèle hakuwahi kujiuliza.

— Kikwembe alikuwa nayo moja tu, binti yangu. Alivua akanipa. Akabaki na jupo ya ndani tu, na weye mugongoni. Miye nilikataa kuvaa, akanipiga kofi. Akaniambia, pita, mutoto ana haja na baba. Kisha akaenda mbele ya bale batu ba bunduki vile vile, na jupo yake. Bakamuzunguka, bakamucheka, bakamuita mwenda wazimu. Bote bakawa banaangalia yeye. Ndiyo fasi miye nilipitia, na yeye kisha bakamuacha.

Akagonga ukurasa kwa kidole.

— Hapa umechora miye peke yangu, mutu mujanja. Batu batacheka, batasema, huyu mzee alikuwa na akili mingi. Sikukuwa na akili. Na haya yangu si ya kikwembe. Haya yangu ni kwamba balimucheka muke wangu na miye nikaendelea kutembea.

Gisèle alilia waziwazi, bila kujifunika uso. Venuste alipotaka kumsogelea, alimzuia kwa mkono.

— Sitavigawa, papa, — alisema Venuste. — Nitawaandikia wachangaji wote leo.

— Baandikie. Halafu uchore tena, na yeye akuwe ndani. Bila yeye, hii ni bongo, ni uongo mutupu.

Gisèle alimsindikiza hadi barabarani.

— Papa amekusamehe mbio, — alisema.

— Na wewe?

— Miye bado. Ulichukua siri yangu juu ilikuwa nzuri kwa kitabu.

— Ilikuwa nzuri sana.

— Najua. Ndiyo maana inaniuma. Kitu nikikuambia weye, uniulize mbele ya kukichora. Hata kikuwe kitamu namna gani.

— Nitakuuliza.

— Basi uliza hii ya sasa.

Venuste akasimama. Hakuwa amezoea kuomba ruhusa kwa kazi yake, na ilionekana.

— Gisèle, naweza kumchora mama yako?

Alimwacha asubiri kidogo, apate dawa yake.

— Unaweza.

Jioni hiyo ujumbe ukatoka: "Ndugu mliochanga, kuna ukurasa niliouchora bila ruhusa ya wenyewe na bila ukweli wote. Naomba muda niuchore upya. Anayetaka fedha yake aniandikie." Wachache waliandika. Mbuzi aliuzwa Rwekubo kulipia uchapaji wa ukurasa mpya, na aliyempeleka sokoni ni mzee mwenyewe. Nkusi naye alipiga simu.

— Mimi nimekasirika sana. Lakini nangoja. Hiyo peji mpya ni yangu?

Venuste akampelekea mzee swali.

— Ataiweka wapi?

— Ukutani, papa. Sebuleni, kila mgeni aione.

— Mupatie, — alisema Léopold. — Batu bamuone.

Jumapili baada ya ibada walikaa uani. Picha ya mama Gisèle haikuwepo hata moja, zote zilibaki Kivu, kwa hiyo Gisèle ndiye aliyesimama badala yake, kitambaa kimekunjwa mgongoni kama mtoto. Mzee aliketi pembeni ya mchoraji akitoa amri.

— Mabega juu. Zaidi. Alikuwa mutu wa kusimama sawasawa.

Venuste alichora mabega, mikono, miguu mitupu, kisha wenye bunduki waliomzunguka. Akafika usoni, penseli ikasimama.

— Papa, alikuwa anaangalia wapi?

Mzee aliangalia chini.

— Sijui. Sikugeuka.

Gisèle hakushusha mabega.

— Papa, mama aliniambia vile ulitembea. Alisema ulipiga hatua ndefu kama mutu anaenda kukata muti, kikwembe ikapanda mpaka magoti, na yeye anaomba Mungu ufupishe. Alikuwa anacheka kuniambia.

— Aliniona?

— Angejua aje? Alikuwa anakuangalia weye, mpaka ukafika.

Léopold alivua kofia yake, akajifuta uso nayo, na akalia kama mtu aliyesubiri ruhusa ya kulia kwa miaka mingi. Alipomaliza aliirudisha kichwani na kumgeukia Venuste.

— Basi umuchore ananiangalia, mukwe wangu. Ukimaliza, lete bazee benu tuongee siku ya ndoa.