Alama Kumi na Nane za Kemia

Kila asubuhi Vaileth alipiga mswaki kwa muda mrefu kuliko mtu yeyote nyumbani kwao, mtaa wa Wazo. Alisugua mbele, nyuma na juu ya magego, huku mdogo wake akigonga mlango wa bafu na kulalamika. Kisha alivaa sare, akanywa chai haraka haraka na kuwaaga wazazi wake kwamba anawahi shuleni kujisomea.

Hakuwa anawahi kujisomea. Saa kumi na mbili na nusu alikuwa ameshaketi kibarazani kwa kina Sekela, rafiki yake waliyekuwa naye kidato cha pili, daftari mapajani, akinakili majibu ya Kemia.

"Hilo swali la nne umelielewa?" Sekela alimuuliza siku moja huku akifunga kamba za viatu.

"Nitalielewa baadaye," Vaileth alijibu bila kuinua kichwa. "Mie nataka tiki kwanza."

Tiki alizipata. Daftari lake lilijaa wino mwekundu wa Mwalimu Gregori, tisa kwa kumi, kumi kwa kumi, na kila alipolifungua alijiona yuko njiani. Tangu alipong'olewa jino akiwa darasa la tano, bila kuhisi maumivu aliyoyaogopa wiki nzima, alikuwa akimwambia kila mtu kwamba atakuwa daktari wa meno. Darasa zima lilijua.

Mwezi wa nane wakafanya mtihani. Mwalimu Gregori alikuwa na desturi ya kurudisha karatasi akianzia na wa mwisho. Siku hiyo aliingia, akaweka rundo mezani na kusoma jina la kwanza.

"Vaileth Theonest. Kumi na nane kwa mia."

Kisha Jabiri, aliyekaa nyuma, akashika shavu lake na kusema kwa sauti ya mgonjwa, "Daktari, naomba uniangalie hili gego."

Wote wakacheka. Mwalimu Gregori hakuwakataza. Alichukua daftari la Vaileth, akalilaza kando ya ile karatasi.

"Daftari linasema tisa kwa kumi. Karatasi inasema kumi na nane kwa mia. Mmoja kati ya hawa wawili ni mwongo. Njoo ubaoni, utuoneshe haidrojeni na oksijeni zinavyoungana kuwa maji."

Vaileth alisimama ubaoni mpaka chaki ikalowa jasho la kiganja chake. Hakuandika hata herufi moja. Mwalimu alimwacha pale pale, uso ukutani, kipindi chote, akaendelea kugawa karatasi kama vile hakuna mtu. Sekela alipata sabini na moja. Alipoulizwa kama ndiye aliyekuwa akitoa daftari lake, alikiri, akapewa adhabu ya kufagia maabara wiki mbili.

Mwisho wa kipindi mwalimu akafunga kitabu chake. "Sikilizeni nyote. Mwezi wa kumi kuna mtihani mwingine. Katika shule hii, atakayepata chini ya arobaini na tano hataendelea na Kemia kidato cha tatu. Bila Kemia, kidato cha tano huwezi kusoma Fizikia, Kemia na Baiolojia. Na bila masomo hayo matatu huwezi kuomba udaktari wa meno. Kwa hiyo, Vaileth, leo hii wewe si daktari wa kitu chochote. Nenda ukakae."

Kuanzia siku hiyo wakamwita Dokta Kumi na Nane. Walimwandikia jina hilo kwenye dawati kwa kalamu. Wasichana waliokuwa wakila naye mihogo wakati wa mapumziko walimfungulia midomo wakisema, "Aaa." Alipomfuata Sekela maabara kumsaidia kufagia, Sekela alimnyang'anya ufagio.

"Mie nilikuwa nakusaidia, wewe ukaona ni mtumishi wako," alisema. "Usije tena kwetu."

Jumamosi iliyofuata mama yake, Apolonia, aliamka shavu likiwa limevimba. Vaileth akamsindikiza kliniki ya meno huko Sinza. Daktari alikuwa mwanamke wa makamo aitwaye Tazim, mwenye maneno machache na mikono ya haraka. Alimchoma mama sindano ya ganzi na kulitoa jino kabla Vaileth hajamaliza kutazama vifaa vyote vilivyopangwa kwenye sinia.

Mama alipokuwa ameng'ata pamba, Vaileth alipata ujasiri. "Daktari, mie nataka kuwa kama wewe. Ila nimepata kumi na nane ya Kemia, na mtihani mwingine ni mwezi wa kumi. Kuna njia nyingine ya kuingia?"

"Njia nyingine ipi?"

"Labda mtu akiwa anapenda sana. Mie nayapenda sana meno."

Daktari Tazim alivua glavu. Hakutabasamu. "Wanaoomba ni wengi, nafasi ni chache. Anayechagua majina hakuoni uso, wala hamjui mama yako. Anaona alama zako za Fizikia, Kemia na Baiolojia, basi. Kwenye fomu hakuna mahali pa kuandika kwamba unapenda. Kwa kumi na nane hutaingia. Nikikwambia vingine nitakuwa nakudanganya."

Machozi yakamtoka Vaileth. Mama yake alitaka kusema neno, lakini mdomo ulikuwa na ganzi.

Rosalia, msaidizi wa daktari, ndiye aliyewatoa hadi mlangoni na pakiti ya dawa. Alimvuta Vaileth kando.

"Imekuuma, eh? Mie nilipokuwa shule kila mtu aliniambia utaweza tu, utaweza tu. Hakuna aliyenikazia macho. Matokeo ya kidato cha sita yakatoka, nimeanguka Kemia, na jina langu lote liko pale ubaoni, kila mtu anasoma. Nikasomea hii kazi. Naiheshimu, na wagonjwa wananipenda. Lakini sikuichagua, mwanangu. Ndiyo iliyobaki." Akamkabidhi dawa. "Wewe una miezi miwili. Mie sikupewa hata wiki."

Jumatatu Vaileth aligonga mlango wa ofisi ya walimu. "Shikamoo, mwalimu. Zile tiki zote hazikuwa zangu. Hata swali moja sijawahi kufanya mwenyewe tangu mwezi wa kwanza."

"Najua," alisema Mwalimu Gregori. "Utaanza upya. Kipindi cha michezo, wenzako wakienda uwanjani, wewe utakwenda kukaa na kidato cha kwanza. Wana Kemia muda huo."

Alikaa nao. Magoti yake hayakutosha chini ya dawati la kona, na watoto wa kidato cha kwanza walimgeukia na kunong'onezana. Wiki ya kwanza, katoto kamoja ka miaka kumi na mitatu kalimsahihisha mbele ya wote. Vaileth aliandika sahihisho lile. Kila jioni, kabla jua halijazama, alifanya maswali matano bila kumwuliza mtu, na mengi aliyakosa. Alifuta, akarudia, akakosa tena. Polepole akaanza kuona kwa nini anakosa.

Mtihani wa mwezi wa kumi ukaja. Alipata arobaini na tatu.

"Dokta amepanda cheo," alisema Jabiri.

Jioni ile alimlilia baba yake, Theonest, karani wa mizani anayepima malori ya saruji kiwandani. "Baba, ni alama mbili tu. Nenda ukaongee naye."

Baba alitikisa kichwa. "Kila siku dereva hunisihi hivyo hivyo. Kilo chache tu, braza, niandikie nipite. Simwandikii. Sasa nimwendee mwalimu wako nimwambie nini?"

Kwa hiyo alikwenda mwenyewe. "Mwalimu, siombi alama mbili. Naomba mtihani mwingine."

Mwalimu Gregori alimtazama. "Tarehe ishirini na mbili Desemba, shule ikiwa imefungwa. Utakuwa mgumu kuliko huu. Ukishindwa, usije tena kunigongea mlango."

Familia yote ilikuwa inasafiri Bukoba kwa bibi Krismasi ile. Waliondoka tarehe kumi na nane, Vaileth akabaki kwa shangazi yake. Bibi alipopiga simu alisema tu, "Basi mwaka huu sitakuona," akakata. Vaileth alilia, akanawa uso, akarudi kwenye maswali.

Siku ya mtihani alikaa peke yake katika darasa tupu. Mwalimu alisahihisha mbele yake, kalamu nyekundu ikitembea bila haraka. Alijumlisha mara mbili.

"Hamsini na mbili. Utaendelea na Kemia."

Vaileth alifunika uso kwa mikono.

"Futa machozi unisikilize," alisema Mwalimu Gregori. "Hamsini na mbili inakufikisha kidato cha tatu. Chuo cha udaktari wa meno haikufikishi. Nilikuaibisha mbele ya wenzako, na huenda nilizidisha. Lakini ulikuwa unajidanganya mwenyewe, na anayejidanganya huchelewa kugundua, kwa sababu hakuna mwingine wa kumfichua. Daktari aliyenakili hatajua la kufanya mgonjwa akiwa amefungua kinywa. Alama ya kweli, hata ikiwa ndogo, unaweza kuipandisha. Ya wizi huwezi kuifanyia kitu. Umenielewa?"

"Nimeelewa, mwalimu."

Januari shule zilipofunguliwa, Sekela alikuwa ameshahama dawati walilokuwa wakikaa pamoja. Vaileth alimwendea, akamwomba radhi bila kujitetea. Sekela alimsikiliza, akaitikia kwa kichwa, na hakurudi. Vaileth akaketi peke yake mstari wa mbele. Mwalimu alipoandika swali la kwanza la mwaka, alilifanya mwenyewe. Alipata nusu ya jibu, akawekewa alama ya kukosa, akageuza ukurasa na kuanza tena.